Ronald Ngala: Majimbo Yasiyokuwa na Mfuko

Zaidi ya nusu karne tangu afariki, Ronald Gideon Ngala bado anagombaniwa katika siasa za Pwani ya Kenya. Anayetaka Wapwani wawe na chama chao humtaja yeye. Anayewashauri waache upinzani waingie serikalini humtaja pia. Wengine humwita baba wa ugatuzi, wengine wakamwona mtu aliyeuza chama chake, na wako wanaoamini kuwa hoja yake kuu iliandikwa na walowezi wa Kizungu.

Matukio ya karibuni yamezidisha mkanganyiko huo. Novemba 2017, baada ya uchaguzi wa marudio wa urais, Gavana Hassan Joho wa Mombasa na mwenzake Amason Kingi wa Kilifi walitangaza kwamba watatafuta njia za kisheria za kuitenga Pwani na Kenya. Mwaka 2022 Kingi alikuwa akiongoza PAA, chama chenye mizizi Pwani, akakiingiza katika muungano wa William Ruto, na Septemba mwaka huo akawa Spika wa Seneti. Joho naye aliingia Baraza la Mawaziri mwaka 2024. Ngala alizipita njia zote mbili kabla yao: ile ya kudai mamlaka ya Pwani na ile ya kuvuka sakafu ya Bunge kujiunga na wenye nguvu. Kila upande kwa hiyo una kipande cha maisha yake cha kuning'iniza ukutani.

Swali la uchambuzi huu ni hili: Ngala alitaka nini hasa, kwa nini alikikosa, na je, ugatuzi wa leo ni urithi wake au ni jambo jingine kabisa?

Kutoka darasani hadi Lancaster House

Ngala alizaliwa mwaka 1923 katika jamii ya Wagiriama, sehemu za Gotani, katika iliyo leo Kaunti ya Kilifi. Alisoma shule za misheni, akapita Alliance High School na kupata stashahada ya ualimu Makerere. Alifundisha na kuongoza shule Taita kisha Mombasa, alikokuwa mwalimu mkuu wa Buxton. Kazi hiyo ilimpa kitu ambacho wanasiasa wengi wa Pwani wa wakati ule hawakuwa nacho: alijulikana vijijini na mjini, miongoni mwa Wamijikenda na Wataita pia.

Machi 1957 Waafrika wa Kenya walipiga kura kwa mara ya kwanza kuchagua wawakilishi wao katika Baraza la Kutunga Sheria. Walichaguliwa wanane, na Ngala alikuwa mmoja wao, pamoja na Tom Mboya, Oginga Odinga, Masinde Muliro na Daniel arap Moi. Wote wanane waliungana kudai viti zaidi na uhuru. Ufa ulijitokeza baadaye, uhuru ulipoanza kuonekana karibu na kila mmoja akajiuliza nani atakuwa na nini siku Mwingereza atakapoondoka.

KANU ilipoundwa Kiambu mwezi Mei 1960, Ngala alichaguliwa mweka hazina na Moi msaidizi wake, ingawa wote wawili hawakuwapo. Hawakuvikubali vyeo hivyo. Mwezi uliofuata, huko Ngong, vyama vya Wakalenjin, Wamaasai, Wapwani, Wasomali na wafuasi wa Muliro viliungana kuunda KADU, na Ngala akawa kiongozi wake.

Katika uchaguzi wa Februari 1961 KANU ilipata viti 19 na KADU 11, na pengo la kura lilikuwa kubwa zaidi ya hapo. Lakini KANU ilikataa kuunda serikali hadi Jomo Kenyatta aachiliwe. Gavana Patrick Renison akamgeukia Ngala, ambaye alikubali kwa msaada wa chama cha mlowezi Michael Blundell na wajumbe wa ziada walioteuliwa na gavana. Mwalimu wa Buxton akawa Kiongozi wa Shughuli za Serikali. Ni katika kipindi hicho Kenyatta alijengewa nyumba Gatundu, akaachiliwa Agosti 1961. Kabla mwaka haujaisha alikuwa ameshika uongozi wa KANU.

Hofu iliyozaa majimbo

Silaha kuu ya KADU dhidi ya KANU ilikuwa majimbo, yaani kugawa mamlaka ya serikali kuu kwa sehemu za nchi. Wengi huyaeleza kama mpango wa kikabila na kuishia hapo. Maelezo hayo hayatoshi, kwa sababu hofu iliyokuwa nyuma yake ilikuwa na sababu zinazoshikika, na kubwa kupita zote ilikuwa ardhi.

Wakalenjin na Wamaasai waliangalia Bonde la Ufa, ambako walowezi walikuwa wanajiandaa kuuza mashamba, wakajiuliza nani atayanunua. Pwani suala lilikuwa gumu zaidi. Sheria ya hati za ardhi ya mwaka 1908 iliwataka wenye madai katika ukanda wa maili kumi wajitokeze wasajiliwe. Waliojitokeza na kupewa hati walikuwa zaidi familia za Waarabu na Waswahili, pamoja na Wahindi na Wazungu walionunua. Wamijikenda wengi hawakusajili kitu, na ardhi isiyodaiwa ikawa mali ya serikali. Matokeo yake yanaonekana hadi leo kati ya Kwale na Malindi: mkulima anapanda mkorosho, anauvuna, anamrithisha mwanawe, lakini udongo ulioushika mkorosho huo una hati ya mtu mwingine, pengine mtu asiyewahi kuishi hapo. Ndiyo maana ya kuitwa skwota mahali alipozikwa babu yako.

Wagiriama walikuwa na kumbukumbu nyingine juu ya hiyo. Mwaka 1914 serikali ya kikoloni ilijaribu kuwaondoa kaskazini mwa mto Sabaki na kuwalazimisha kutoa vijana wa kazi. Upinzani uliohusishwa na Mekatilili wa Menza ulizimwa kwa nguvu. Kwa watu wa aina hiyo, serikali yenye nguvu iliyo mbali haikuwa ahadi ya maendeleo.

Kulikuwa pia na suala la kazi. Bandari ya Kilindini, reli na ofisi za serikali zilikuwa zimevuta maelfu ya wafanyakazi kutoka bara, wengi wao wakiwa na elimu na vyama vya wafanyakazi vilivyopangika vizuri. KANU ilikuwa na nguvu kubwa Mombasa kwa sababu hiyo. Kijana wa Kaloleni au Kinango aliyetafuta kibarua bandarini alikuta foleni ambayo haikuanzia kwao.

Ngala aliziunganisha hofu hizi katika pendekezo moja la katiba: nchi igawanywe katika majimbo, kila jimbo liwe na baraza lake lenye mamlaka juu ya ardhi, elimu, afya na sehemu ya polisi, na katiba iwe ngumu kubadilishwa. Katika mkutano wa Lancaster House wa 1962 KADU ilipata mengi ya hayo. Iliundwa serikali ya mseto ambamo Ngala na Kenyatta wote wawili walikuwa mawaziri wa nchi, Ngala akishughulikia utawala na Kenyatta mambo ya katiba na mipango ya uchumi. Yalipatikana majimbo saba, ukiacha Nairobi, na Bunge la vyumba viwili lenye Seneti ya viti 41.

Mwambao au majimbo?

Msomaji wa bara mara nyingi hajui kwamba Ngala alikuwa na vita vya pili nyumbani, na vita hivyo vinaeleza mengi kuhusu msimamo wake.

Kisheria, ukanda wa maili kumi wa pwani haukuwa koloni. Ulikuwa milki ya Sultani wa Zanzibar iliyosimamiwa na Uingereza tangu 1895. Uhuru ulipokaribia, viongozi kadhaa wa Waarabu na Waswahili, miongoni mwao Sheikh Abdilahi Nassir wa chama cha Coast People's Party, walidai kwamba ukanda huo, yaani Mwambao, uwe na mamlaka yake wenyewe badala ya kuunganishwa na Kenya. Walikuwa na hoja: historia, dini, mahakama za kadhi, na mkataba uliotiwa saini na dola mbili.

Ngala aliipinga hoja hiyo. Kwake, Mwambao huru ungewaweka Wamijikenda chini ya tabaka lile lile lililoshika hati za mashamba yao. Majimbo yalikuwa jibu lake kwa pande mbili kwa wakati mmoja: dhidi ya Nairobi yaliipa Pwani mamlaka, na dhidi ya Mwambao yaliupanua ukanda ule mwembamba ukawa jimbo lenye Waafrika wengi, kuanzia Lamu hadi Taita. Robertson, aliyetumwa na serikali za Uingereza na Zanzibar kuchunguza suala hilo mwaka 1961, alipendekeza ukanda uunganishwe na Kenya. Oktoba 1963 Kenyatta na Waziri Mkuu wa Zanzibar, Muhammad Shamte, walikubaliana kuhusu hatima yake: mahakama za kadhi zilindwe na hati za ardhi zilizopo zitambuliwe.

Sharti la mwisho ndilo lililouma. Makubaliano yaliyoiweka Pwani ndani ya Kenya yalizithibitisha hati zile zile zilizowafanya Wamijikenda kuwa maskwota. Jimbo lilipatikana, na hati zikabaki pale zilipokuwa.

Miezi kumi na minane

Uchaguzi wa Mei 1963 uliipa KANU ushindi mkubwa, KADU ikiambulia viti visivyofika nusu ya vile vya mshindani wake. Hata hivyo ilishika mabaraza ya majimbo matatu: Bonde la Ufa, Magharibi na Pwani. Kwenye karatasi Ngala alikuwa amepata alichokitaka. Yeye aliongoza upinzani rasmi Nairobi, na chama chake kikaongoza baraza la jimbo lake Mombasa.

Kilichofuata ni somo la jinsi katiba inavyoweza kuuawa bila kuvunjwa. Wakuu wa wilaya walibadilishwa jina wakawa mawakala wa serikali ya jimbo, lakini waliendelea kusikiliza amri za Nairobi kwa sababu huko ndiko kulikokuwa na mishahara yao na kupanda kwao vyeo. Idara zilizopaswa kuhamishiwa majimboni zilihamishwa pole pole au hazikuhamishwa. Fedha ndizo zilizomaliza mchezo. Majimbo yalikuwa na vyanzo vichache vya kodi na yalitegemea kuhawilishiwa fedha na serikali kuu, na serikali kuu ilikuwa mikononi mwa chama kilichotangaza waziwazi kwamba hakiyataki majimbo. Fedha zilichelewa. Baraza lisiloweza kulipa walimu wala kutengeneza barabara halikuwa na la kuwaonyesha wapiga kura wake.

Kinga ya katiba pia ilikuwa na mlango wa nyuma. Vifungu vilivyolindwa zaidi vilihitaji robo tatu ya kura katika chumba cha chini na asilimia 90 katika Seneti, na KADU ilikuwa na viti vya kutosha katika Seneti kuzuia mabadiliko. Lakini kizuizi hicho kilisimama juu ya watu, na watu wanaweza kushawishiwa. Agosti 1964 Kenyatta alitangaza nia ya kuifanya Kenya jamhuri chini ya serikali moja yenye nguvu, huku kura ya maoni ikiwekwa mezani kama tishio. Mbunge mmoja baada ya mwingine alihama upinzani, akifuata miradi na nafasi kwa ajili ya eneo lake.

Tarehe 10 Novemba 1964 Ngala alisimama Bungeni akatangaza kwamba KADU inavunjwa na wanachama wake wanajiunga na serikali kwa ajili ya umoja wa taifa. Mwezi mmoja baadaye, tarehe 12 Desemba, Kenya ikawa jamhuri yenye katiba iliyokwisha kuyanyang'anya majimbo meno yake. Majimbo yakawa mikoa, Seneti ikaunganishwa na chumba cha chini, na kufikia 1968 hata mabaraza ya mikoa yaliyobaki kwa jina yalikuwa yamefutwa.

Ngala aliishi miaka minane zaidi. Katika mkutano wa KANU wa Limuru, Machi 1966, ulioitishwa kumwondolea Odinga nguvu, alichaguliwa makamu wa rais wa chama kwa upande wa Pwani, na mwaka huo akaingia Baraza la Mawaziri. Mombasa alijikuta katika mvutano mrefu wa makundi ya chama, likiwemo lile la Msanifu Kombo, meya wa mji. Desemba 1972 alipata ajali ya gari karibu na Konza, kwenye barabara ya Nairobi na Mombasa, akafariki siku ya Krismasi. Maelezo kwamba nyuki waliingia garini na kumvuruga dereva hayajawahi kuwatosheleza watu wengi Pwani, na shaka hiyo imekuwa sehemu ya hadithi yake.

Mitazamo minne

Wanaomwita *baba wa ugatuzi* wana ushahidi mzuri. Katiba ya 2010 ilirudisha mabaraza ya chini yenye mamlaka ya kikatiba na ikairudisha Seneti. Mambo mengi aliyoyaonya Ngala yalitokea: maamuzi kurundikana Nairobi, ardhi ya umma Pwani kugawiwa wenye majina makubwa, viwanja vya ufukweni kwenda kwa watu wasiowahi kulima mhogo Kilifi. Udhaifu wa mtazamo huu ni kwamba unaruka miaka 46. Ugatuzi wa 2010 ulitokana na kampeni za mageuzi za miaka ya 1990, mjadala wa katiba wa Bomas, na mauaji ya baada ya uchaguzi wa 2007. Waliouandika hawakuchukua rasimu ya KADU wakaifuta vumbi.

Wanaomwona *chombo cha walowezi* nao hawakosi cha kushika. Serikali ya 1961 ilisimama kwa msaada wa Blundell, Wazungu kama Wilfrid Havelock walikuwa na sauti kubwa katika KADU, na chama kilitumia mshauri wa katiba kutoka Uswisi. Walowezi walikuwa na sababu zao za kutaka serikali kuu dhaifu. Lakini kuwa na mshirika mwenye maslahi hakuthibitishi kwamba hofu yako ni ya kuazimwa. Malalamiko ya ardhi Pwani yalianza kabla Blundell hajafika Kenya. Isitoshe, KANU yenyewe ilipoingia madarakani iliwahakikishia walowezi mali zao. Kama kusikilizana nao ni dhambi, haikuwa ya chama kimoja.

Mtazamo wa tatu humwita *msaliti* kwa tendo la Novemba 1964. Hoja hii inasikika sana miongoni mwa vijana wa Pwani walioona viongozi wao wengi wakihama vyama. Nguvu yake iko katika matokeo: upinzani ulipokwisha, hakukuwa na chombo chochote cha kuzuia yaliyofuata. Lakini tarehe zinaipunguza makali. Moi alipewa uwaziri mara tu baada ya KADU kuvunjwa. Ngala alisubiri hadi 1966. Na chama alichokivunja kilikuwa kimekwisha kuvuja. Alichobakiwa nacho ni uamuzi wa kuvunja yeye mwenyewe au kusubiri kuhesabiwa kwenye viti vitupu.

Mtazamo wa nne hausikiki sana nje ya Mji wa Kale wa Mombasa, Malindi na Lamu. Unasema kwamba kwa *kuupinga Mwambao*, Ngala aliitupa kinga pekee iliyokuwa na uzito katika sheria za kimataifa, akachagua kinga ya katiba iliyoweza kufutwa na Bunge. Ni hoja ya wanasheria, na haijibiki kirahisi. Ila inasahau kuuliza Wamijikenda wangekuwa nani katika Mwambao huo, na inasahau kwamba Zanzibar yenyewe, mshirika wa mkataba, ilipinduliwa Januari 1964. Mwambao ungebaki na mkataba usiokuwa na mwenye kuutetea.

Kupima: fedha, wenyeji na ardhi

Mitazamo yote minne inamhukumu mtu. Linaloeleza zaidi ni kuuhukumu mpango wake, kwa sababu ulikuwa na kasoro ambazo hazikutegemea ushujaa au udhaifu wa kiongozi.

Ya kwanza ni fedha. Ngala alipigania mamlaka kwa bidii kuliko alivyopigania mapato ya kuyaendesha. Alijenga ukuta mrefu kuzunguka vifungu vya katiba, lakini hazina ikabaki upande wa pili wa ukuta. Mpinzani wake hakuhitaji kuubomoa. Alihitaji tu kuchelewesha hundi.

Ya pili ni swali la nani mwenyeji. Majimbo yaliyokabidhiwa ardhi na sehemu ya polisi yalimwacha mfanyakazi wa bandarini aliyezaliwa Kisumu au Murang'a akijiuliza ana haki gani Mombasa. KADU haikumjibu vya kutosha, na ukimya huo uligharimu baadaye. Mwaka 1991, shinikizo la vyama vingi lilipokolea, wanasiasa wa KANU waliyafufua majimbo katika mikutano ya Bonde la Ufa, wakiyatumia kuwatisha "wageni". Mapigano ya kikabila yakafuata. Agosti 1997 kituo cha polisi cha Likoni kilishambuliwa na watu wa bara wakauawa na kufukuzwa makwao. Hayo hayakuwa maagizo ya Ngala, aliyekuwa ameshazikwa miaka 25. Lakini pengo aliloliacha lilikuwa wazi kwa yeyote kulitumia.

Inafaa kukumbuka pia kwamba waliotawala kuanzia 1978 walikuwa na mizizi ya KADU. Moi, mwenzake Ngala tangu 1957, alikuwa rais kwa miaka 24 na akakusanya mamlaka Ikulu kuliko mtangulizi wake. Kwa wengi wa chama kile majimbo yalikuwa ngao ya mnyonge. Waliposhika upanga wenyewe, hawakuihitaji tena.

Ya tatu ni ardhi, na hapa hukumu ni kali zaidi. Tatizo lililozaa siasa za Ngala halikutatuliwa na majimbo, kwa sababu makubaliano ya 1963 yalikuwa yameshazitambua hati za zamani. Hata baraza la jimbo lenye fedha zote lingekuta mikono yake imefungwa.

Ugatuzi wa leo unasema nini

Ukiisoma Katiba ya 2010 ukiwa na kasoro hizo akilini, unaona kwamba ilirekebisha mbili na kuikwepa ya tatu.

Kuhusu fedha, iliweka sakafu: kaunti zipate angalau asilimia 15 ya mapato ya taifa, yakihesabiwa kwa msingi wa hesabu zilizokaguliwa na kupitishwa na Bunge. Mivutano haikwisha. Mwaka 2020 Seneti ilikwama kwa miezi juu ya fomula ya mgao, kaunti kadhaa za Pwani zikiwa miongoni mwa zilizoonekana zingepoteza, na suluhu ikaja tu baada ya ahadi ya kuongeza kitita kutoka shilingi bilioni 316.5 hadi bilioni 370. Magavana hulalamika kila mwaka kwamba fedha zinachelewa. Tofauti na 1964 ni kwamba sasa kuchelewesha ni kuvunja sheria, na kuna Seneti na mahakama za kulalamikia.

Kuhusu wenyeji, nchi ilikatwa vipande 47 badala ya majimbo saba, na polisi wakabaki wa taifa. Pwani moja ya Ngala ikawa kaunti sita: Mombasa, Kwale, Kilifi, Tana River, Lamu na Taita Taveta. Hilo limepunguza hatari ya jimbo moja kubwa kujigeuza nchi, lakini limepunguza pia uzito wa sauti ya Pwani. Gavana wa Lamu na wa Taita Taveta hawana sababu nyingi za kuvuta kamba moja, na jumuiya ya kaunti za Pwani haina mamlaka ya kutoza wala kutunga.

Bandari inaonyesha mipaka hiyo vizuri. Mwaka 2019 serikali kuu ilipoamuru makontena yabebwe kwa reli mpya hadi bandari kavu za bara, madereva wa malori, wenye mabohari na vibarua wa Mombasa waliingia barabarani kuandamana. Kaunti haikuwa na kalamu ya kubadilisha amri hiyo. Amri ililegezwa, na mwaka 2022 serikali mpya ikarudisha huduma za kuondoa mizigo Mombasa. Katika hatua zote mbili uamuzi ulitoka Nairobi.

Na ardhi? Usajili wa hati uko mikononi mwa serikali kuu, na mgawanyo wa ardhi ya umma umewekwa chini ya tume ya taifa. Mipango ya kuwapa maskwota hati inaendelea kwa vipande, mara nyingi karibu na uchaguzi. Vuguvugu la Mombasa Republican Council, lililobeba kauli ya "Pwani si Kenya" na kuondolewa marufuku na Mahakama Kuu mwaka 2012, lilipata wafuasi wake wengi katika vijiji vile vile ambavyo hati zake ziko kwa wengine. Ugatuzi ulipoanza mwaka 2013 vuguvugu hilo lilipungua sauti, lakini malalamiko yaliyolizaa yako palepale.

Kwa muhtasari

Ngala aliisoma vizuri hofu ya jamii ndogo na ya Wapwani wasio na hati, na hakuihitaji midomo ya walowezi kuisema. Alichokosea ni muundo wa dawa. Majimbo yake yalikuwa na mamlaka yasiyo na mapato yake yenyewe, hayakumweleza mtu wa bara atakavyoishi Pwani kama raia, na yalizaliwa sambamba na makubaliano yaliyoifunga ardhi ambayo kwayo yalidaiwa. Kuvunjwa kwa KADU mwaka 1964 kulikuwa tokeo la kasoro hizo zaidi kuliko usaliti wa mtu mmoja, ingawa kulimaliza upinzani wakati ulipohitajika.

Ugatuzi wa sasa unamdai kidogo kuliko wafuasi wake wanavyosema. Umedumu kwa sababu ulifanya kinyume chake katika mambo mawili: ulianza na fedha, na ukaliachia taifa polisi. Kwa hiyo anayemtaja Ngala kutetea chama cha Pwani, au kutetea kuingia serikalini, anajibu swali la pembeni. Swali ambalo Ngala aliliacha wazi, na ambalo kaunti sita za Pwani hazina mamlaka ya kulijibu peke yake, ni la hati za ardhi za ukanda wa maili kumi: nani atazinunua, kwa fedha za nani, na Bunge litapitisha sheria gani ili mwenye mkorosho awe na udongo wake.